Modemu moja, simu za kuingia na za kutoka: dalili na vyanzo vyake

Wengi wanadhani modemu za simu, vile vifaa vinavyoiunganisha kompyuta na laini ya simu, zilikufa Dar es Salaam mwaka 2009, nyaya za intaneti za baharini zilipofika. Hazikufa zote. Ipo seva ya zamani inayotunza hesabu za ghala, ipo mashine iliyofungwa kwenye chumba cha jenereta, ipo kompyuta ya tawi ambalo faiba ikikatwa na katapila la barabara hakuna njia nyingine ya kuifikia. Nyuma ya mashine kama hizi mara nyingi utaikuta modemu ya nje, moja tu, kwenye laini moja ya simu, na imebebeshwa kazi mbili: ipige nje kupeleka hesabu, na ipokee simu ya fundi anayetaka kuingia akiwa nyumbani.

Kazi hizo mbili kwenye poti moja, yaani tundu moja la seriali la kompyuta, ndizo zinazowachosha watu. Kila upande ukijaribiwa peke yake unafanya kazi. Ukiviweka pamoja, kimoja kinamziba mwenzake. Fundi anaanza kubadilisha mipangilio huku na kule, na jioni hajui tena alianzia wapi.

Mimi nimeshika njia moja na sijaiacha: kabla ya kugusa faili lolote, nauliza habari za waya mbili. Wa kwanza ni DCD, pini namba 1 kwenye plagi ya pini 9, au namba 8 kwenye ile kubwa ya pini 25. Huu ni modemu inapoiambia kompyuta, "kuna mtu upande wa pili, tunasikilizana." Wa pili ni DTR, pini namba 4 kwenye ndogo na 20 kwenye kubwa. Huu ni kompyuta inapoiambia modemu, "nipo, endelea." Karibu kila dalili nitakayoitaja hapa inatokana na mmoja wa waya hizi kuwaka wakati unatakiwa uzime, au kuzima wakati unatakiwa uwake.

Kwa hiyo tazama taa za modemu kwanza. Taa ya TR ni DTR, ya CD ni DCD, AA inawaka modemu ikiwa imepangwa kujipokelea simu yenyewe, na OH inawaka ikiwa imeinua laini. Modemu iliyotulia, inayongoja simu, inatakiwa iwe na TR inayowaka na CD iliyozima. Kwenye Linux unaweza kuuliza pia upande wa kompyuta:

cat /proc/tty/driver/serial

Utapata mstari kwa kila poti, na mwishoni mwake majina ya nyaya zinazowaka, kwa mfano RTS|CTS|DTR|DSR. Hapo jibu la taa na jibu la kompyuta lazima yafanane. Taa ya CD ikiwaka kwenye modemu na kompyuta isionyeshe CD, tatizo ni kebo, na huna haja ya kusoma zaidi mpaka uibadilishe.

Majina mawili ya poti moja

Unix, ukoo wa mifumo ya kuendeshea kompyuta, ilitatua suala la kushirikiana poti zamani sana, kwa kuipa poti moja majina mawili. Kwenye FreeBSD ya leo poti ya kwanza inaitwa /dev/ttyu0 kwa simu za kuingia na /dev/cuau0 kwa za kutoka. Solaris ina /dev/term/a na /dev/cua/a. SCO ilitofautisha kwa herufi tu: tty1a haijali modemu, tty1A inajali. Linux nayo ilikuwa na ttyS0 na cua0, lakini cua iliondolewa, na hilo nitalirudia kwa sababu limewaponza wengi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Programu ikifungua jina la kuingia, keneli, kiini cha mfumo, inaisimamisha mlangoni mpaka DCD iwake. Ndiyo maana getty, programu inayoandika "login:" na kumpokea anayeingia, inaweza kukaa kwenye ttyu0 siku nzima bila kumzuia mtu: haijaingia, imesimama nje inangoja. Programu inayotaka kupiga nje inafungua cuau0, ambayo haingoji DCD, inaingia moja kwa moja. Ikiwa ndani, getty inaendelea kungoja hata DCD ikiwaka, kwa sababu simu hiyo si yake. Na kama mtu wa nje ameshaingia kwa ttyu0, anayetaka cuau0 anaambiwa poti ina mtu.

Mpangilio huu wote umesimama juu ya DCD. DCD ikidanganya, hakuna faili utakaloandika likakuokoa.

Simu inaita, modemu haipokei

Tazama TR. Ikiwa imezima, hakuna programu iliyofungua poti, na modemu nyingi hazipokei simu DTR ikiwa chini. Getty haijaanza. Kwenye FreeBSD fungua /etc/ttys, uangalie kama mstari wa ttyu0 umeandikwa off, au onifconsole ambalo ndilo la kawaida siku hizi. Weka on, aina iwe dialup, kisha kill -HUP 1. Ukiwa hapo hapo, neno secure libadilishe liwe insecure. Neno secure linamruhusu root, mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote, kuingia kupitia laini hiyo, na laini ya simu ambayo mtu yeyote mwenye namba anaweza kuipiga si mahali pa root.

TR ikiwaka na bado haipokei, angalia AA. Kama imezima, rejista ya S0, inayosema modemu ipokee baada ya milio mingapi, ni sifuri. Amri za modemu huanza na AT. ATS0=1 inaifanya ipokee baada ya mlio mmoja, na AT&W inahifadhi ili umeme ukikatika isisahau. Isipokuwa kama unatumia mgetty, getty iliyotengenezwa kwa ajili ya modemu. Kwa mgetty AA inatakiwa iwe imezima, maana yenyewe ndiyo inayosikiliza neno RING kutoka kwa modemu na kutuma ATA ya kupokea. Ukimkuta fundi ameweka S0=1 chini ya mgetty, wawili wanakimbilia simu moja, na matokeo yake ni simu zinazopokelewa leo na kuachwa kesho bila mpangilio unaoeleweka.

Modemu inapokea, zinasikika kelele, halafu kimya

Hapa modemu mbili zimeelewana, taa ya CD imewaka, lakini neno "login:" halitokei. Getty bado imesimama mlangoni kwa sababu haijaona DCD.

Chanzo cha kwanza ninachokikuta hapa Dar ni kebo. Ukienda Kariakoo kuomba kebo ya seriali, mara nyingi utapewa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuunganisha vifaa vya mtandao: ndani ina nyaya tatu tu, za kutuma, kupokea na za ardhi. Herufi zinapita vizuri, ukijaribu AT unajibiwa OK, na unaondoka dukani umeridhika. Lakini haina DCD wala DTR. Nyingine zimevukwa ndani, zimekusudiwa kuunganisha kompyuta kwa kompyuta. Modemu inataka kebo iliyonyooka yenye nyaya zote. Chukua mita, pima kila pini kabla hujalipa. Muuzaji atakuvumilia.

Chanzo cha pili kimenichukua nusu siku nzima huko Kurasini, kwenye ghala lisilo mbali na bandari. Kila kitu kilikuwa sawa kwenye mipangilio. Kebo ilikuwa ya nyaya 9, mpya. Nilipoichomoa na kuielekeza dirishani ndipo nikaona: pini ya kwanza, ile ya kona, ilikuwa imekunjika na kulala ubavu ndani ya plagi, na ile ya soketi upande wa kompyuta ilikuwa na ukungu wa kijani kama sarafu iliyokaa chumvini. Hewa ya pale ina chumvi ya bahari mwaka mzima. Pini ya kona ndiyo inayoumia kwanza mtu anapolazimisha plagi bila kuinama kutazama, na pini hiyo ya kona ndiyo DCD. Niliinyoosha kwa kibanio cha nyusi alichoniazima mama wa uhasibu, nikasafisha kwa spiriti, nikafunga na skrubu zote mbili. Tangu siku hiyo sifungi plagi ya modemu bila skrubu.

Mama yule alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Sasa baba, ni pini hiyo moja tu ndiyo imetutesa wiki mbili?"

"Ndiyo mama. Hiyo ndiyo inayogonga hodi. Bila hiyo mashine haijui kama kuna mgeni."

"Haya. Basi nionyeshe, siku nyingine nitazame mwenyewe kabla sijakuita."

Nilimwonyesha taa ya CD na kumwachia karatasi ukutani. Ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani. Mtu aliye kwenye chumba akikwambia kwa simu "CD imewaka lakini hakuna kitu", umeshaokoa safari nzima ya foleni ya Barabara ya Mandela.

Kama kebo ni nzima, kinachobaki ni kasi. Getty ikiwa imewekwa kasi moja na modemu inaongea na kompyuta kwa nyingine, "login:" inatoka ila inafika ikiwa herufi za ajabu au haifiki kabisa. Kasi ya poti iwe moja tu, isiyobadilika, 57600 au 115200, na modemu yenyewe ishughulike na kasi ya laini. Usichanganye mambo hayo mawili. Modemu mbili za analogi hazitavuka 33600 kwenye laini hata kama boksi limeandikwa 56K, kwa kuwa ile 56K inahitaji upande mmoja uwe umeunganishwa kidijitali na mtandao wa simu.

"login:" inajirudia yenyewe, mashine imekuwa nzito

Hii utaigundua kwa kusikia feni. Mashine haina kazi, lakini prosesa imejaa, na kwenye skrini kuna ujumbe wa init, programu inayoanzisha nyingine, kwamba S0 (hapa ni jina la mstari wa getty, si rejista ya modemu) inaanzishwa upya kwa kasi mno na imesimamishwa kwa dakika tano. Kwenye logi kuna majaribio mamia ya kuingia kwa jina la ajabu, kama "login:" au "OK" au "RING".

Kilichotokea ni kwamba getty na modemu wamejibizana. Getty imeandika "login:", modemu iliyo kwenye hali ya amri imerudisha herufi zile zile, getty ikadhani ni jina la mtumiaji, ikauliza nenosiri, modemu ikarudisha tena. Wanaweza kukesha hivyo.

Sababu ya juujuu ni mwangwi, na dawa yake ni ATE0Q1&W kwa getty ya kawaida, ili modemu isirudishe herufi wala isitoe majibu. Lakini jiulize, getty imeingiaje wakati hakuna simu? Ilitakiwa iwe imesimama nje. Imeingia kwa sababu DCD inawaka muda wote, au imeambiwa isiijali. Kwa modemu, hiyo ni AT&C0. Weka AT&C1 ili DCD ifuate hali halisi ya laini. Kwa upande wa kompyuta, ni ile alama ya clocal:

stty -F /dev/ttyS0 -a

Ukiona clocal bila alama ya kutoa mbele yake, kompyuta imeziba masikio. Kwenye Debian za zamani faili la /etc/inittab lilikuja na mifano miwili, mmoja wa getty wenye -L kwa ajili ya skrini iliyounganishwa moja kwa moja, na mwingine wa mgetty kwa ajili ya modemu. Nimekuta zaidi ya mashine moja ambayo mtu aliondoa alama ya # kwenye mfano wa kwanza, akaufanyia kazi ya wa pili. Ile -L maana yake hasa ni "usijali DCD".

Kwa hiyo E0Q1 peke yake inazima kelele na kuacha ugonjwa. Na kama unatumia mgetty, usiishi kwa kutegemea Q1, kwa kuwa mgetty inahitaji kuona RING na CONNECT; yenyewe huanza kwa kutuma ATQ0V1H0, kisha ATS0=0Q0&D3&C1. Usiongeze kwenye mipangilio yake amri zinazopinga hizo.

Nataka kupiga nje, naambiwa poti ina mtu

Hapa uliza: ina mtu kweli, au inasemekana tu?

Anza na fuser -v /dev/ttyS0. Kama getty ya kawaida imeishikilia na hakuna simu, umerudi kwenye DCD inayowaka muda wote. Dalili mbili, chanzo kimoja: getty iliyovuka mlango inagombana na modemu, na wakati huo huo inamziba anayetaka kutoka. Rekebisha &C1 na clocal, vyote viwili vitapona.

Kwenye Linux kuna jambo zaidi. Kwa kuwa cua haipo tena, keneli haikusaidii kugawa poti. Getty ya kawaida na programu ya kupiga nje haziwezi kushirikiana ttyS0 kwa amani. Hapo ndipo mgetty inapohitajika, nayo inagawa kwa njia nyingine kabisa: kwa faili la kufuli. Anayetaka kupiga nje anaandika faili /var/lock/LCK..ttyS0 lenye namba ya mchakato wake. Mgetty inaona kufuli, inakaa kimya, na kufuli likiondoka inajianzisha upya na kuiandaa modemu tena. Utaratibu huu ni wa heshima tu. Keneli hailazimishi mtu. Programu moja isiyoweka kufuli inatosha kuvuruga, na utaona mgetty na programu hiyo wanakula herufi za mwenzao, nusu kwa nusu.

Mtego mkubwa wa kufuli ni jina. Mtu ametengeneza kiungo /dev/modem kinachoelekea ttyS0, na minicom, programu ya kupiga nje, inatumia /dev/modem. Kufuli linaandikwa LCK..modem. Mgetty inatafuta LCK..ttyS0, hailioni, inadhani poti ni huru. Programu zote kwenye mashine zikubaliane jina moja, lile lile, herufi kwa herufi. Futa /dev/modem.

Mtego wa pili ni wa hapa kwetu, wa umeme kukatika. Kufuli lililoachwa na programu iliyokufa si tatizo kwa kawaida, kwani programu inayokuja husoma namba ya mchakato, ikikuta haupo inalifuta. Lakini kwenye mashine za zamani folda ya kufuli iko kwenye diski. Umeme unakatika, UPS imechoka, mashine inazima kufuli likiwa pale. Umeme unarudi, mashine inawaka, na namba ile ile inapewa mchakato mwingine kabisa, labda cron, ile inayoendesha kazi za ratiba. Sasa kufuli linaonekana la mtu aliye hai. Linganisha:

cat /var/lock/LCK..ttyS0
ps -p namba-uliyoiona

Ukikuta ni cron, lifute kwa mkono, kisha ongeza kwenye hati za kuwashia mashine mstari wa kufuta LCK zote. Mifumo mipya ya Linux inaweka folda hiyo kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo inajisafisha yenyewe.

Kama unaambiwa huna ruhusa, na si kwamba poti ina mtu, hilo ni jepesi: ls -l /dev/ttyS0, uone kundi, umwingize mtumiaji humo. Kwenye Debian kundi ni dialout. Mtumiaji atoke na aingie upya, la sivyo hakitabadilika kitu na utaanza kutafuta kosa lisilokuwepo. Usiweke chmod 666. Mgetty huipa poti mmiliki na ruhusa zake kila inapoanza, kwa hiyo badiliko hilo litafutika, na kwa muda ambao halijafutika umempa kila mtu kwenye mashine uwezo wa kupiga simu kwa gharama ya ofisi.

Modemu inarudisha NO DIALTONE au NO CARRIER

Ofisi nyingi za mjini laini inapita kwenye PABX, mtambo wa simu za ndani ya ofisi. Mlio wake si sawa na ule modemu inaoujua, kwa hiyo inakataa kupiga. ATX3 inaiambia isingoje mlio lakini iendelee kutambua laini iliyo bize. Kama mnabonyeza 9 kupata laini ya nje, andika ATDT9, na mkato baada yake. Kila mkato ni kusubiri kwa sekunde mbili, kiwango cha kawaida cha S8. Usichomeke modemu ya analogi kwenye tundu la simu ya kidijitali ya PABX, inaweza kuungua. Omba laini ya analogi, ile ya faksi inafaa. Na zima huduma ya simu ya pili kusubiri, kwani ule mlio wake unakata mazungumzo ya modemu katikati ya faili.

Msimu wa masika, modemu iliyokuwa nzima jana na leo haisikii mlio hata kwa X3, huku ikijibu OK kwa AT, imepigwa na radi kupitia laini ya simu. Upande wa kompyuta umebaki, upande wa laini umekufa. Usipoteze siku. Badilisha, na mpya uiwekee kinga ya radi upande wa laini, si wa umeme peke yake.

Herufi chafu, herufi zinazopotea

Zikiwa chafu tangu mwanzo: kasi, au biti 7 na pariti upande mmoja na biti 8 upande mwingine. Zikianza safi na kupotea faili likiwa kubwa: udhibiti wa mtiririko. Weka crtscts (kwa stty) kwenye kompyuta na amri inayolingana kwenye modemu, ambayo ni &K3 kwa zenye chipu ya Rockwell na &H1 kwa USRobotics. Katika ule mstari wa /proc tafuta oe: ikifuatiwa na namba. Ikiongezeka, kompyuta inazidiwa kusoma. Poti za zamani zisizo na 16550A hazina ghala la baiti 16 la kuhifadhia, na kwa hizo shusha kasi ya poti, hakuna namna.

Poti iliyobadilika jina, poti iliyotekwa

Mashine mpya hazina poti ya seriali, kwa hiyo watu wanatumia adapta ya USB. Umeme ukitetereka kidogo tu, adapta inapotea na kurudi huku programu bado imeshikilia ile ya kwanza, na ttyUSB0 inakuwa ttyUSB1. Andika kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayotoa majina ya vifaa, inayoipa jina la kudumu, na ukumbuke habari ya kufuli: jina hilo hilo kila mahali. Baadhi ya adapta za bei rahisi hazijaunganisha DCD kabisa. Jaribu kabla ya kununua nyingi.

Kama modemu inapokea amri za AT ambazo hukuzituma, tafuta ModemManager. Hiyo, hasa matoleo yake ya zamani, hufungua poti mpya na kuihoji. Kwenye seva isiyoihitaji, systemctl disable --now ModemManager. Na kama keneli inawashwa na console=ttyS0, systemd, inayoanzisha huduma za mashine, inaanzisha serial-getty kwenye poti hiyo bila kukuuliza. Chagua: poti hiyo iwe ya modemu au ya konsoli.

Simu imekatika, mtu bado yumo

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu ndiyo ninayoiogopa. Nyingine zote zinakunyima huduma. Hii inampa mtu mwingine huduma yako.

Usiku mmoja nilikuwa Mikocheni, nikaipigia seva ya mteja kuangalia kazi ya kunakili data. Modemu zikaelewana. Nikangoja "login:". Haikuja. Nikabonyeza Enter, nikapata alama moja tu: #. Nilikuwa root kwenye mashine ya watu bila kuandika jina wala nenosiri. Nikaandika who. Jina la fundi aliyepiga kabla yangu lilikuwepo bado, tangu saa kumi jioni. Alikuwa amekata simu bila kutoka, na kikao chake kikabaki kimekaa kinamngoja yeyote atakayepiga.

Sikugusa kitu kingine. Nikaandika exit na asubuhi nilikuwa mlangoni kwao kabla hawajafungua.

Modemu ilikuwa imebadilishwa mwezi uliotangulia. Ilikuwa na swichi ndogo nyuma, na ile ya CD ilikuwa imeshushwa, yaani CD iwake daima. Kwenye modemu za nje za USRobotics zenye swichi 8, ya 1 ni ya DTR na ya 6 ni ya CD, nayo &C inaweza kuwa sahihi kabisa kwenye amri huku swichi ikikupinga. CD isipozima, keneli haijui kwamba mgeni ameondoka, haitumi ishara ya SIGHUP inayofunga kikao, na ganda la amri linabaki wazi.

Upande wa pili wa jambo hili ni mtu kuandika exit vizuri lakini modemu isikate simu. Hapo ni DTR. Kompyuta inatakiwa iishushe, na modemu ikiona imeshuka ikate. Hakikisha hupcl, inayoshusha DTR kikao kikiisha, ipo kwenye stty na modemu ina &D2, au &D3 inayoirudisha pia kwenye mipangilio yake iliyohifadhiwa. Ikiwa &D0, modemu haijali.

Nilirudisha swichi, nikaweka AT&C1&D2&W, nikamwondoa root kwenye laini ile kwa kufuta ttyS0 ndani ya /etc/securetty, na wakabadilisha manenosiri yote. Kisha nikajaribu kwa namna ambayo sasa naifanya kila ninapofunga modemu, hata kama nimeitwa kwa jambo jingine. Nilimwomba mlinzi awe karibu na modemu, nikatoka nje na laptopu na laini nyingine, nikapiga, nikaingia kwa jina la kawaida. Nikiwa ndani, nikamwambia achomoe waya wa simu ukutani bila mimi kutoka. Taa ya CD ilikaa sekunde chache, ikazima. TR ikazima nayo, ikawaka tena. Mlinzi akarudisha waya, nikapiga mara ya pili, na "login:" ikatokea. Nikaingia, nikaandika who. Palikuwa na jina moja tu kwenye ttyS0, la kikao kile kipya.